Uzi: Mteja wa Pemba akirejesha mzigo, nauli ya boti alipe nani?

#1 BintMlandege (mleta uzi)

Asalaam alaykum wanajukwaa, khasa mnaouza kwa simu Unguja na Pemba.

Nimeona nilete hapa jambo ambalo tukikutana Mlandege huwa tunalimaliza kwa kicheko na halimaliziki. Mzigo umeshatoka, pesa imeshaingia, wewe umeshaagiza mwengine kwa pesa ile ile. Mara inaingia meseji ya sauti: "Dada, hii mbona siyo niliyoiona?" Hapo biashara inaanza upya, na mara hii anayelipa ni wewe.

Nauza abaya, mitandio na kanzu za watoto. Duka langu halina kioo wala kibao; lipo Instagram na kwenye status ya WhatsApp, na stoo ni chumba cha nyuma nyumbani. Jumia walipofunga shughuli zao Tanzania Novemba 2019, waliokuwa wakitarajia duka kubwa la mtandaoni litufundishe utaratibu walibaki na sisi. Hakuna ghala la kupokea marejesho, hakuna idara. Idara ni mimi, mdogo wangu na bodaboda mmoja ambaye namshukuru Mungu hana makuu.

Naona wengi tumekwama upande mmoja au wa pili. Kuna walioandika kwenye risiti "Mali ikishauzwa hairudishwi", na mteja akilalamika anapigwa bloku. Kuna waliokopi maneno ya maduka ya Ulaya, "siku 14, rejesha bila maswali", halafu mzigo mmoja ukirudi kutoka Konde, Pemba, unakula faida ya asubuhi nzima. Wa kwanza anapoteza wateja bila kujua, maana aliyepigwa bloku harudi kukwambia. Anawaambia wenziwe kwenye arusi. Wa pili anapoteza mtaji, na huyo anajua.

Hebu tupige hesabu ya mfano, kila mtu aweke namba zake. Abaya unaiuza 60,000, wewe imekusimamia 42,000. Faida 18,000. Mteja wa Wete kalipia mwenyewe nauli ya kwenda. Imemkataa, unamwambia airejeshe kwa gharama yako: gari ya kuifikisha bandari ya Mkoani pamoja na boti, tuseme 5,000. Bodaboda wa kuitoa bandari ya Malindi hapa mjini mpaka kwako 3,000. Kuifua, kuipiga pasi na kuitia mfuko mpya 2,000. Unampelekea nyengine, 5,000 tena. Jumla 15,000. Umebakiwa na 3,000, na hapo hujahesabu makato ya kutuma pesa wala bando. Kama ilikuwa ya Idi na imerudi Idi imeshapita, hutaiuza tena 60,000.

Msimamo wangu ni huu, na nataka muupige mawe. Tuache kuuliza kama mzigo unarejeshwa au haurejeshwi. Tuulize nani kasababisha safari ya pili, na huyo ndiye alipe nauli. Nimepeleka rangi siyo, nimepeleka yenye mshono uliofumuka, nimepeleka ya mtu mwengine: nalipa kwenda, nalipa kurudi, na radhi naomba. Umeiona, umepewa vipimo, umeipokea ilivyo, halafu shoga yako kasema haikupendezi: rejesha, karibu sana, lakini boti unalipa wewe.

Ugumu upo kwenye saizi. Kwangu mimi saizi inarejesha nguo kuliko kasoro zote, na kosa ni la nani inategemea uliuliza nini kabla. Namba ya abaya, 52, 54, 56, 58, ni urefu kwa inchi kutoka begani mpaka pindoni. Haisemi lolote juu ya kifua wala nyonga. Mteja akiniandikia "mie navaa L", bado simuuzii. Namwambia achukue abaya yake inayomkaa vizuri, ailaze kitandani, apime kutoka juu ya bega mpaka chini, kisha kwapa mpaka kwapa, anitumie picha tepu ikiwa juu ya nguo. Sitaki namba ya kuandika, nataka picha. Mtu akijipima mwilini peke yake huinama kuitazama tepu, na akishainama tu vipimo vimeharibika. Nikiwa na picha ile na bado nikapeleka fupi, kosa langu halina mjadala. Akikataa kupima, akasema "nitumie tu dada, itanifaa", namwandikia hapo hapo kwamba kubadilisha ni kwa nauli yake, na sifungi mzigo mpaka ajibu sawa.

Rangi nayo ina yake. Damu ya mzee ukiipiga picha usiku chini ya taa nyeupe inatoka zambarau. Mimi napiga mlangoni asubuhi, upande wa kivuli, na naweka ndimu pembeni. Kila mtu anaijua ndimu. Ikiwa kwenye simu yako ndimu ina rangi ya bluu, tatizo siyo abaya.

Na sasa lile la Idi. Sikukuu kwetu ni siku nne, na abaya ina tabia ya kutoka Idi mosi, ikatembea mpaka Mnazi Mmoja, halafu Idi ya tano ikarejea "haijavaliwa". Moja niliipokea ina mafuta ya pilau kwenye mkono wa kulia na kitambaa chote kinanukia udi. Udi mzuri pia, siyo wa kubahatisha. Tangu hapo lebo yangu haikai ndani ya kola. Naishona kifuani kwa uzi mwekundu, kubwa, imeandikwa "ukikata umenunua". Sijaona bado mtu anayekwenda Mnazi Mmoja na lebo kifuani.

Nyinyi mnafanyaje? Na khasa wa Pemba mnawafanyaje?

#2 MtotoWaWete

Waalaykum salaam dada'ngu. Mie ni mnunuzi, siuzi hata njugu, ila nimenunua kwenu sana, basi niseme la upande wetu.

Siye wa Pemba tunalipa bei ile ile ya mjini, tena tunatanguliza pesa. Wa Kikwajuni analetewa mlangoni, anaijaribu ndani, isipomkaa anairejesha kwa bodaboda yule yule, kamaliza. Mie nikiufungua mzigo Wete nishalipa kila kitu. Nikiuliza najibiwa "Pemba haturejeshi". Imeandikwa na imepambwa na maua.

Niliwahi kuagiza viatu vya skuli vya mtoto, vikaja viwili vya mguu wa kushoto. Nasema kweli, kushoto na kushoto, saizi moja, vizuri kabisa. Muuzaji akanambia nitangulize nauli ya kurejesha ndipo aniletee cha kulia. Sasa hiyo kanuni yako ya aliyesababisha ndiye alipe, mie naiunga mkono kwa mikono miwili, lakini isiwe ya maneno tu. Mwenye pesa mkononi ndiye mwenye nguvu, na pesa huwa kwenu.

Jengine ni hizo siku. Mtu anaandika "rejesha ndani ya siku tatu" na anahesabu tangu alipoufikisha mzigo Malindi. Kusi likikaza boti haziondoki, au mzigo unalala Mkoani mpaka apatikane mtu wa kuufata. Siku tatu zimekwisha na mie sijaugusa. Hesabuni tangu ulipopokelewa na mwenyewe.

#3 KijogooWaForodhani

Viatu viwili vya kushoto 😂 Mwenzio wa Makunduchi ana viwili vya kulia anakutafuta. Natia nanga hapa, uzi mtamu.

#4 FundiSimuDarajani

Nyinyi wa nguo mnalilia udi, njooni kwenye simu. Kwetu kinachorudi siyo kilichotoka.

Tangu TCRA, wale wa mamlaka ya mawasiliano, walipozima simu bandia Juni 2016, watu wamezoea kubonyeza *#06# na kuisoma IMEI, namba ya utambulisho wa simu, kwa hiyo kunibadilishia simu nzima siyo rahisi. Kinachobadilishwa ni vya ndani: kioo, betri, kamera. Na chaja! Chaja inatoka hapa mpya, inarudi ina waya uliofungwa solotepu na mwenyewe anakuapia kuwa "imekuja hivi hivi".

Ninachofanya mimi: IMEI naiandika kwenye risiti mbele ya mteja, au naipiga picha nikiwa nafunga mzigo kama yuko mbali. Kisha naweka nukta ya rangi ya kucha juu ya parafujo moja ya chini. Nukta ndogo, huioni mpaka uambiwe. Bisibisi ikigusa parafujo, rangi inapasuka. Kila mwezi nabadilisha rangi, na dada wa duka la jirani anayeniuzia anadhani nina wake wanne.

Lakini nitaongeza kitu ambacho mleta uzi hakukigusa. Kwenye vitu vya umeme, vingi vinavyorejeshwa ni vizima. Blenda "haiwaki" kwa sababu jagi halijakaa mahali pake, na blenda ikiwa jagi halijakaa sawa imetengenezwa isiwake. Simu "haina sauti" kwa sababu imewekwa kimya. Kwa hiyo mimi sikubali mzigo upande boti kabla ya simu ya video. Namwambia mteja nioneshe, bonyeza hapa, zungusha pale. Dakika tano za bando ni rahisi kuliko nauli ya kwenda na kurudi. Anayekataa kata kata kupiga video, hapo nashtuka kidogo.

#5 BintMlandege (mleta uzi)

@MtotoWaWete siku nimekuelewa, na hilo nalichukua kama lilivyo. La pesa kuwa kwetu nitalirudia.

@FundiSimu hiyo ya parafujo naiba, nitaitafutia mahali kwenye vifungo vya kanzu 😅

#6 MghaibuniUK

Nipo Uingereza, nimefanya kazi kwenye ghala la nguo sehemu ya marejesho, basi niwape picha ya hizo siku 14 mnazozikopi.

Kwanza ile ni sheria, siyo ukarimu wa duka. Kanuni za mwaka 2013 zinampa aliyenunua kwa mbali siku 14 tangu apokee kusema sitaki, bila kutoa sababu, na baada ya kusema ana siku 14 nyengine za kuutuma mzigo. Muuzaji naye ana siku 14 za kurejesha pesa, pamoja na ile nauli ya kawaida ya kumpelekea. Lakini nauli ya kurudi inaweza kuwa juu ya mnunuzi, mradi aliambiwa mapema. Wengi mnaokopi mnaruka kipande hicho. Tena muuzaji anaruhusiwa kukata pesa ikiwa nguo imetumika kupita kiasi cha kuiangalia tu kama mtu anavyoiangalia dukani. Kujaribu sawa, kwenda nayo arusini siyo. Na vipo visivyorejeshwa ukibadilisha mawazo: kilichotengenezwa kwa vipimo vya mteja, chakula kinachoharibika, na vya usafi wa mwili vikishafunguliwa.

Pili, hata wao wanalia. Zara walianza kutoza pauni 1.95 mwaka 2022 kwa anayerejesha kwa posta hapa Uingereza, anayepeleka dukani mwenyewe halipi. Marekani chama cha wauzaji wa rejareja, NRF, kilikadiria kuwa mwaka 2024 karibu asilimia 17 ya mauzo yote yangerudishwa, thamani ya dola bilioni 890. Ndiyo, bilioni. Zalando wa Ujerumani wamewahi kusema karibu nusu ya wanachouza kinarudi, kwa sababu watu wanaagiza saizi tatu wajaribu chumbani halafu warejeshe mbili.

Kazi yenyewe ghalani ilikuwa hivi: unafungua mfuko, unanusa kwanza. Naam, kunusa ndiyo kazi ya kwanza. Halafu unatazama kwapa, kola, pindo, unaangalia lebo, unaamua: inarudi rafuni kama mpya, inahitaji kusafishwa, inauzwa kwa jumla kwa bei ya kutupa, au haifai. Kilichokuwa kinatuchelewesha siyo uchafu, ni mifuko isiyokuwa na karatasi ya sababu. Mtu karejesha, kwa nini? Hujui. Na usipojua kwa nini, wiki ijayo unauza kasoro ile ile kwa mtu mwengine. Hata ukiwa na daftari la shilingi mia tano, andika sababu.

#7 MamaManukato

Mie nauza manukato na mafuta ya mwili. Kwangu kilichofunguliwa hakirudi, siwezi kumuuzia mtu krimu yenye kidole cha mwenziwe, na hizi ni bidhaa ambazo hata ZFDA, wakala wa chakula na dawa Zanzibar, wanazisimamia.

Ila nimepata njia. Chupa kubwa inakwenda imefungwa na plastiki yake, na ndani ya mfuko naweka kichupa kidogo cha kunusia cha manukato yale yale. Mteja ananusa kichupa kwanza, anakaa nacho mpaka jioni, maana manukato ya mafuta asubuhi ni mengine na jioni ni mengine. Akiyapenda anafungua kubwa. Asipoyapenda anarejesha kubwa ikiwa imefungwa, kichupa nimempa. Tangu nianze hivyo magomvi yamepungua sana.

#8 KanzuNyeupe

Wanajukwaa, mnazungumza kama jambo hili limekuja na intaneti. Hebu tufungue vitabu vyetu.

Hadithi ya Bukhari na Muslim inasema wanaouziana wana khiyari, yaani hiari ya kuendelea na mauziano au kuyavunja, madamu hawajaachana. Wakisema kweli na wakabainisha, wanabarikiwa katika mauziano yao, na wakificha na kusema uongo baraka inafutwa. Hiyo "kubainisha" ndiyo ndimu yako, mleta uzi, na ndiyo picha ya mshono.

Kisha kuna khiyari ya sharti. Katika madhhabu yetu ya Shafi, muuzaji na mnunuzi wanaweza kuwekeana muda wa kufikiri usiozidi siku tatu. Kwa hiyo zile siku tatu mnazoandika zina asili, wala hamkuzikopi Ulaya. Na kuna khiyari ya aibu, yaani kasoro iliyokuwamo kabla ya kuuzwa: mnunuzi akiigundua anarejesha, bila kuchelewa. Muuzaji aliyeijua kasoro akaificha, maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" hayamwokoi.

Lakini lililonijia nikisoma habari ya abaya ya Idi ni hadithi ya mnyama aliyeachwa asikamwe ili kiwele kijae aonekane wa maziwa mengi. Mtume (SAW) alikataza, na akasema aliyemnunua ana khiyari baada ya kumkama: akitaka atabaki naye, akitaka atamrejesha pamoja na pishi ya tende. Mnaona? Aliyedanganywa kapewa haki yake ya kurejesha, na maziwa aliyoyapata yakalipiwa. Pande zote mbili.

Mwisho, hata pale ambapo mteja hana haki yoyote ila kajuta tu, kuna fadhila: anayemkubalia mwenziwe kuvunja mauziano, Mwenyezi Mungu humsamehe kuteleza kwake. Imo kwa Abu Daud na Ibn Majah. Hiyo ni hisani, halazimishwi mtu.

#9 BodaWaMagomeni

Shekhe umesema vizuri, sasa na mimi nani ananikumbuka? Kila siku "ajaribu mlangoni, ukisubiri". Nasimama juani, ndani anajaribu, anampigia dada yake video, dada yake anamwambia vaa na mtandio tuone. Hapo nishapoteza abiria wawili. Akikataa narudi na mzigo na muuzaji ananambia "si ulikuwa unarudi huku huku?"

Safari ya kurudi na mzigo ni safari. Na kusubiri kuwe na kikomo, dakika kumi zinatosha kuvaa abaya, haina vifungo vya rubani. Mkitaka zaidi tulipane.

#10 WakiliWaMtaani

Fupi tu kuhusu sheria, maana watu wengi humu wanadhani Zanzibar hakuna pa kushtakia. Ipo Sheria Na. 5 ya 2018 ya ushindani halali na kumlinda mlaji, na chini yake ipo Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, ZFCC. Mlaji aliyeuziwa kitu kibovu au alichodanganywa anapeleka malalamiko huko. Wa viatu viwili vya kushoto alikuwa na kesi nyepesi kabisa.

Ushauri wangu kwa wauzaji: masharti ya kurejesha yaandikwe pale mteja anapoyaona kabla hajalipa. Ukiyaweka nyuma ya risiti, mteja anayasoma mzigo ukiwa tayari mkononi mwake. Na mazungumzo ya WhatsApp msiyafute, pande zote mbili.

Na kwa wanunuzi: fungueni mzigo huku mnarekodi, kuanzia solotepu haijakatwa. Video inayoanza nguo ikiwa nje haina kazi.

#11 CherehaniChake

Salaam kutoka Chake Chake. Nasoma toka asubuhi nashangaa, mnapigana kwa nauli ya boti wakati nguo nyingi zenu hazihitaji boti.

Mie ni fundi. Katika abaya ninazoletewa hapa na watu walionunua Unguja, wengi ni urefu umezidi, au mikono. Kukata pindo na kulirudishia ni kazi ndogo, anangoja akanywe kahawa arudi. Iliyobana kifuani, kama ina akiba ya mshono pembeni, inafunguliwa kidogo. Isipokuwa na akiba hapo kweli irudi. Sasa mleta uzi, kwenye hesabu yako ya 15,000, ungempa mteja sehemu ya pesa hizo anilipe mimi, yeye abaki na nguo yake na wewe ubaki na mauzo yako. Tena sisemi hivi kwa kuwa ni mie. Mafundi wapo Wete, wapo Mkoani, wapo mpaka Konde.

Na zile zinazokataliwa kabisa, kwa nini zirudi Unguja? Tafuta mtu mmoja hapa Pemba, mwenye duka lake, azipokee. Iliyomkataa wa Wete itamfaa wa Vitongoji. Mpe asilimia yake. Mzigo usivuke bahari mara mbili kwenda kukaa stoo.

#12 FundiSimuDarajani

Huyu wa Chake kaimaliza kesi.

#13 KijogooWaForodhani

Sasa viatu vya kushoto fundi atavigeuza? 😂

#14 CherehaniChake

Mie nashona nguo, miujiza waulize wengine.

#15 BintMlandege (mleta uzi)

@CherehaniChake nimekutumia ujumbe wa pembeni, tafadhali uangalie. Ya duka la kupokea Pemba nilishaifikiria nikaiogopa kwa sababu ya uaminifu, lakini ukiweka hesabu upya, hata nikimwachia huyo mtu 8,000 kwa kila nguo bado niko juu kuliko ile 3,000.

@BodaWaMagomeni dakika kumi, zaidi ya hapo mteja analipa 1,000. Mteja akiikataa hapo hapo, nakulipa nusu ya safari ya kurudi. Kubali au kataa hadharani watu washuhudie.

Nimeandika tangazo la kubandika kwenye ukurasa. Lisomeni mlikosoe kabla sijalipandisha:

*"Tukikosea sisi, tunalipa kwenda na kurudi. Ukibadilisha mawazo, unalipa nauli wewe. Una siku tatu tangu ulipoupokea mzigo mkononi mwako, mjini, shamba na Pemba sawa. Fungua huku unarekodi. Lebo ya kifuani ikikatwa nguo ni yako. Ikizidi urefu au mikono, usiirejeshe kwanza, tuulize: tunachangia fundi. Nguo iliyoshonwa kwa vipimo vyako hairudi isipokuwa ina kasoro ya kwetu. Pesa inarudi siku ile ile tunayoupokea mzigo."*

#16 BodaWaMagomeni

Nimekubali. Lakini mvua ikiwa inanyesha dakika kumi zinakuwa tano.

#17 MtotoWaWete

Tangazo zuri dada, sentensi ya mwisho ndiyo siyo. "Tunayoupokea mzigo", mkishaupokea nyinyi. Kosa lenu, nguo yenu, halafu pesa yangu ingoje mpaka boti iondoke, kusi litulie, bodaboda aende Malindi, nanyi mkae muiangalie? Nilisema pesa huwa kwenu, ukasema utalirudia.

#18 WakiliWaMtaani

Hapo Wete kapiga penyewe.

#19 MamaManukato

Na muuzaji je? Akimrejeshea kabla mzigo haujafika, akafungua akakuta kanga kuukuu? Yametokea hayo.

#20 BintMlandege (mleta uzi)

Nigawe mara mbili basi. Kosa likiwa letu na tumeliona kwenye video yako, pesa inarudi siku utakayotutumia picha ya mzigo umeshakabidhiwa gari au boti, pamoja na namba ya aliyeupokea. Kama umebadilisha mawazo, pesa inarudi mzigo ukifika na tukishauangalia, tena siku hiyo hiyo. @MamaManukato hatari ya kanga kuukuu ipo, lakini aliyeonesha kasoro kwenye video tangu solotepu haijakatwa nishaiona nguo yake. Hatari iliyobaki naibeba mimi, maana kosa lilikuwa langu.

Na wa Wete nitawalipa kwa simu na makato juu yangu.

#21 MtotoWaWete

Hapo sawa. Andika na la makato, watu hulisahau.

#22 BintMlandege (mleta uzi)

Nimeliandika. Linapanda leo baada ya Isha. Wateja wa Dar bado sijawagusa, wao wana boti na forodha pia. Mwenye uzoefu wa kurejeshewa mzigo kutoka Dar afungue uzi wake, nitakuja kuchangia.